Sura ya 5: Ukitaka Kuujua Msitu, Pita Owino

"Msitu si huu hapa, kijani kabisa? Sasa mnaposema unaumwa, mnaona nini?"

Swali hili ni la kawaida ndani ya basi la Kampala kwenda Jinja. Ukishapita Lugazi, barabara inaingia Mabira na miti inakufunika pande zote mbili. Pale Najjembe gari linasimama, wauzaji wanakimbilia madirishani na kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja, zile ndizi tamu za kuchoma. Abiria anatafuna huku akitazama miti iliyosongamana, na redioni anamsikia mtaalamu akilalamika kwamba misitu ya Uganda inakwisha. Ana haki ya kushangaa.

Sura hii inamjibu abiria huyo. Nitampitisha msituni kidogo, kisha nitamrudisha mjini, kwenye soko la Owino, kwa sababu naamini nusu ya jibu ipo huko na wapimaji wa misitu huko hawaendi mara nyingi.

Kijani kinachodanganya

Mabira ni msitu wa hifadhi tangu 1932, na una ukubwa wa kilomita za mraba 300 hivi. Katika miaka ya 1970 watu wengi waliingia, wakafyeka, wakapanda migomba na kahawa. Walipotolewa mwishoni mwa miaka ya 1980, mashamba yaliyoachwa yalirudi kuwa kijani upesi, na waliofurahi walifurahi mapema mno. Sehemu kubwa ya kijani hicho ilikuwa mforosadi wa karatasi, mti wenye asili ya Asia. Unakua haraka, na matunda yake yanapendwa na ndege na kima, nao wanazibeba mbegu mbali. Wataalamu huuita spishi vamizi, yaani kiumbe kilicholetwa kutoka kwingine kikakosa cha kukizuia, kikawasonga wenyeji. Ukiwa ndani ya basi, huoni tofauti. Ukiwa ndani ya ndege ndiyo kabisa. Lakini ukishuka ukaingia kwa miguu, chini ya miforosadi unatafuta mche wa mkangazi au wa mvule kwa tochi.

Kwa hiyo anayepima afya ya msitu haulizi kama ni wa kijani. Huuliza mambo matatu:

- Je, msitu una watoto? Miti mikubwa itakufa siku moja, basi chini yake kuna miche na vijana wa aina ileile?
- Je, kinachotolewa kinazidi kinachoota?
- Je, wahudumu wa msitu bado wapo, yaani ndege, popo, sokwe na tembo wanaosambaza mbegu, pamoja na wadudu wanaochavusha maua?

Swali la kwanza na la tatu hujibiwa msituni. La pili halijibiwi huko, kwa sababu kilichotolewa hakipo tena.

Wapimaji wanavyopima

Budongo, msitu mkubwa karibu na Masindi, una historia ndefu ya kupimwa kuliko misitu mingi ya Afrika. Miaka ya 1930 na 1940, afisa misitu wa serikali ya kikoloni aliyeitwa William Eggeling aliweka humo viwanja vya kudumu. Kiwanja cha kudumu ni kipande cha msitu kilichopimwa mipaka yake, na kila mti ndani yake ukaandikwa. Anayekuja baada ya miaka huupima mti uleule, unene wake katika kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Anaandika waliokufa na waliozaliwa, kisha anakwenda zake. Ni kazi inayochosha na isiyo na sifa, lakini baadhi ya viwanja vya Eggeling viliendelea kupimwa kwa zaidi ya nusu karne, na hakuna picha ya angani inayoweza kukupa habari hizo.

Maafisa misitu wa Budongo, miaka ya 1950 na 1960, waliitia sumu kwa makusudi miti waliyoiona haina faida ili mkangazi upate nafasi. Mikuyu, ambayo ni chakula kikuu cha sokwe, ilikuwamo katika orodha. Enzi hizo msitu wenye afya ulikuwa ule wenye mbao nyingi, basi. Nalitaja hili ili msomaji ajue kwamba neno "afya" lina mwenyewe. Ukimuuliza mpasua mbao, mganga na sokwe, watakupa majibu matatu.

Siku hizi kuna setilaiti, chombo kinachozunguka juu ya dunia na kupiga picha, na kwa msaada wake tunajua kwamba mwaka 1990 misitu ilifunika takriban asilimia 24 ya ardhi ya Uganda, na kufikia 2015 ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 9. Tangu hapo takwimu rasmi zimepanda kidogo. Sehemu ya kupanda huko ni mashamba ya mipaini na mikaratusi, ambayo ni mazao mazuri ya mbao na nguzo, ila hayana cha kumpa sokwe wala mganga.

Kwa kifupi, setilaiti hukuonyesha msitu uliokatwa. Msitu unaochunwa polepole, mti mmoja leo na mzizi mmoja kesho, haiuoni. Huo huonekana sokoni.

Magome mawili katika soko moja

Jina rasmi la Owino ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, kwa heshima ya Joseph Mukasa Balikuddembe, wa kwanza kati ya mashahidi Wakatoliki wa Uganda, aliyeuawa jirani na hapo Novemba 1885. Soko lilianza 1971 kati ya uwanja wa mpira wa Nakivubo na mfereji wa Nakivubo. Wengi wanalijua kwa mivumba, nguo za mitumba zilizorundikwa mpaka juu ya kichwa. Ukipenya vichochoro vya nguo na viatu, utafika kwa wauza dawa za mitishamba.

Hapo pua hutangulia. Kuna mulondo, mizizi ya mtambaazi wa msituni wenye harufu tamu kama vanila, ambayo wanaume huitafuna na kucheka wakiulizwa kwa nini. Kuna emmumbwa, vijiti vya udongo uliokandwa na majani ya dawa, ambavyo wajawazito huvisugua kwenye maji wakanywa. Kuna unga wa rangi zote za kahawia ndani ya makopo. Na kuna magome: vipande vya abasi, mti wenye gome kali kama pilipili ambao watu huutumia kwa kikohozi na homa, na vipande vyekundu vya ntasesa, ambao wanasayansi huuita *Prunus africana*.

Ntasesa ni mti wa misitu ya milimani. Tangu miaka ya 1960 kampuni za Ulaya zilianza kutengeneza kutokana na gome lake dawa za wanaume waliovimba tezi dume, na magome yakaanza kusafiri kwa tani kutoka Kameruni, Madagaska, Kenya, na pia hapa Uganda. Mwaka 1995 mti huo uliingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ule ujulikanao kwa kifupi kama CITES, maana yake hauuzwi nje ya nchi bila kibali.

Sasa, kwa nini gome liwe tatizo? Mti hula kwa majani. Majani hutengeneza chakula kwa jua, nacho hushuka hadi kwenye mizizi kupitia ganda la ndani la gome. Ukilichuna gome kuzunguka shina lote na kwenda mpaka kwenye mbao, umekata njia hiyo. Majani hubaki ya kijani kwa muda, kwa sababu maji bado yanapanda kupitia ndani ya shina, lakini mizizi inakufa njaa na mti unafuata. Setilaiti wakati huo inauhesabu kuwa mzima.

Dawa ya jambo hili inajulikana: chuna mti mkubwa tu, chuna robo mbili zinazotazamana za shina, acha nyingine mbili zipitishe chakula, kisha usirudi mpaka gome jipya liwe nene. Anayefuata sharti hili atachuna mti uleule kwa miaka mingi. Asiyelifuata atapata magunia mengi zaidi leo.

Na Waganda, kama kuna watu wanaojua kuchuna gome, ni wao. Tazama lubugo, kitambaa cha rangi ya udongo kinachotandikwa kwenye mazishi na sherehe za Buganda. Hutoka kwenye mutuba, mti wa jamii ya mkuyu unaopandwa shambani katikati ya migomba. Fundi huchuna gome lake lote kuzunguka shina, jambo ambalo nimetoka kusema linaua. Mutuba haufi. Fundi huchuna msimu wa mvua, kwa kisu cha mgomba kisichochubua, ili lile tabaka jembamba la ukuaji linalokaa kati ya gome na mbao lisiguswe. Kisha hulifunga shina kwa majani ya mgomba kama kidonda, siku kadhaa, mpaka ngozi mpya ianze. Mwaka unaofuata anachuna tena, na mti mmoja unaweza kumtumikia kwa miaka 40. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa urithi wa dunia usioshikika, yaani urithi wa maarifa na desturi.

Kwa nini mmoja unachunwa maisha yake yote na mwingine unachunwa mara moja ukafa? Miti yenyewe hutofautiana, kweli, na ntasesa haivumilii kuzungushwa kama mutuba. Lakini tofauti kubwa ni kwamba mutuba una mwenyewe. Mchunaji wa lubugo atarudi kwenye shamba lake, na mwanawe atarudi baada yake. Mchunaji wa ntasesa ameingia usiku katika hifadhi ya serikali na hajui kama mwenzake atakuja kesho kumaliza kilichobaki, kwa hiyo anamaliza yeye. Hapo sioni ujinga. Naona mtu anayepiga hesabu sawasawa katika mazingira mabaya.

Rula mezani

Hapa ndipo soko linapokuwa kipimo. Gome la mti mkubwa ni nene, la mti mdogo ni jembamba. Kwa aina nyingi za miti uhusiano huo ni wa kuaminika kiasi kwamba watafiti wa Afrika Kusini, walioenda kupima vipande vya magome katika soko la dawa za asili la Faraday, Johannesburg, waliweza kukadiria ukubwa wa miti iliyochunwa bila kukanyaga msituni. Magome yakizidi kuwa membamba mwaka hadi mwaka, maana yake wachunaji wamemaliza wakubwa na wamefikia vijana.

Vivyo hivyo kwa mizizi ya mulondo: inyofolewayo ikiwa minene, mmea ulikuwa mzee, ikiwa kama kidole cha mtoto, umeng'olewa kabla ya kuzaa mbegu. Ukiona muuzaji anasema siku hizi mzigo unatoka mbali zaidi, na bei imepanda hata msimu wa mvua, umeshapata ripoti.

Mkaa: msitu unaoliwa mchana

Owino inakula. Saa sita mchana matooke yanatolewa ndani ya majani ya mgomba yakifuka mvuke, mchuzi wa karanga pembeni, na chini ya kila sufuria kuna sigiri yenye mkaa. Huu ndio uvunaji mkubwa kuliko wa magome yote, na sitauzungusha sana kwa sababu hesabu yake ni fupi.

Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa huhitaji kilo 6 hadi 10 za kuni. Chukua gunia la kilo 60 na kilo 7 za kuni kwa kila kilo: umechoma kilo 420 za mti. Mama lishe anayemaliza gunia anaona gunia. Msitu unaona mti mzima.

Zamani mkaa wa Kampala ulitoka Luwero na Nakasongola. Miti huko ilipopungua, malori yalisogea kaskazini hadi Acholi, na kati ya miti iliyoingia tanurini ni mshea, mti wa mafuta unaochukua miaka kama 15 hadi 20 kabla ya kuzaa vizuri. Mei 2023 Rais Museveni alitoa Amri Na. 3 iliyopiga marufuku biashara ya mkaa kutoka kaskazini. Amri kama hiyo huongeza bei Kampala kabla haijapunguza tanuri, kwa sababu sigiri za Owino haziachi kuwaka amri ikisomwa. Nimeona wanunuzi wa siku nyingi wakigonga vipande viwili: mkaa wa mti mgumu, mzee, hulia kama bati, na mkaa wa matawi huvunjika ukaacha vumbi mkononi. Siku hizi wanagonga na kukunja uso mara nyingi zaidi.

Kamba za tumbaku na mavi ya popo

Turudi Budongo, kwa sababu swali la tatu, la wahudumu wa msitu, lina kisa ambacho kingeweza kudhaniwa ni hadithi.

Sokwe wa Budongo wanahitaji chumvi kama sisi. Majani na matunda hayana ya kutosha, kwa hiyo kwa miaka mingi walikuwa wakila moyo uliooza wa miwale, ile miti ya jamii ya michikichi yenye majani marefu inayoota penye majimaji. Kisha wakulima wa tumbaku wa jirani walihitaji kamba za kufungia majani ya tumbaku wanapoyakausha, na kamba bora hutoka kwenye jani changa la mwale. Jani likakatwa, na lingine, hadi miwale ikakaribia kuisha ndani ya eneo la sokwe.

Watafiti waliotega kamera kwenye mti wenye tundu, kati ya 2017 na 2019, waliona sokwe wakija kuokota na kula mavi ya popo yaliyorundikana chini ya tundu hilo. Mavi hayo yana madini waliyokuwa wakiyapata kwenye miwale. Si sokwe peke yao, mbega na swala wadogo pia walikuja. Mavi yalipochunguzwa maabara, ilionekana yana virusi vya aina 27, na kimoja kilikuwa kipya, cha jamii ya virusi vya korona. Matokeo yalichapishwa 2024. Hakuna aliyethibitisha kuwa kuna sokwe aliyeugua. Ila njia kutoka popo kwenda kwa mnyama anayefanana sana na binadamu imefunguka, na iliyoifungua ni kamba.

Nani angeorodhesha kamba ya tumbaku kati ya maadui wa msitu? Mkaguzi angetembea Budongo akaona mikangazi imesimama, miche ipo, sokwe wanapiga kelele, akaandika: msitu mzima. Angalipita kwenye vibanda vya kukaushia tumbaku akauliza kamba zinatoka wapi, angalijua miaka mingi mapema.

Kuutunza pamoja na watumiaji wake

Njia ya kwanza iliyojaribiwa ni askari na uzio. Inahitajika: mwaka 2007 serikali ilipotaka kutoa hekta 7,100 za Mabira kwa kilimo cha miwa, walioizuia ni wananchi waliojaa mitaani Kampala mwezi Aprili, na watu walikufa. Bila mpaka unaoheshimiwa hakuna cha kutunza. Lakini mpaka peke yake haumzuii mchunaji wa usiku.

Njia ya pili ilianza Bwindi, kusini-magharibi. Msitu ule ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, wenyeji walifungiwa nje na chuki ikawaka. Baada ya miaka michache mamlaka zilikaa nao na kuandikiana mikataba: baadhi ya wanavijiji waliotajwa kwa majina waliruhusiwa kuingia sehemu maalumu kuchukua dawa na omujega, mtambaazi wa kusukia vikapu na machela ya wagonjwa. Walikubaliana nani achukue, nini, kiasi gani, wakati gani. Mimea inayokua polepole sana ilipunguzwa au kuondolewa kwenye orodha. Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003, iliyounda pia Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, ilifungua mlango kama huo kwa hifadhi nyingine: kijiji kinaweza kuingia mkataba wa usimamizi shirikishi, yaani kulinda na kutumia kwa pamoja. Mikataba hii hufa pale karatasi inaposainiwa na hakuna anayerudi kupima. Inapona pale wanakijiji wenyewe wanapopima.

Njia ya tatu ni kuuhamisha mti wa dawa kutoka msituni hadi shambani, kama babu zetu walivyofanya na mutuba. Durban, Afrika Kusini, manispaa ina kitalu cha Silverglen kinachootesha mimea ya dawa iliyokuwa ikiadimika, ndugu wa abasi akiwamo, na kuwapa waganga miche. Abasi huota vizuri kwenye mashamba ya Buganda, na mulondo unaweza kupandwa uani ukatambaa kwenye mti wa kivuli. Msomaji mwenye robo ekari Mukono au Masaka hana sababu ya kuutegemea msitu kwa vitu hivi viwili.

Kwa Owino yenyewe nina ombi moja mahususi. Vibanda vya dawa pale vinajulikana, wauzaji wana viongozi wao, na wengi wanajua mzigo umetoka msitu gani. Liwepo daftari moja: unene wa magome ya ntasesa na abasi, unene wa mizizi ya mulondo, mzigo umetoka wapi, bei. Lisiwe daftari la kukamata watu, maana likiwa hivyo siku ya pili magome yatauzwa chini ya meza. Kazi yenyewe inataka mtu mmoja anayejua Kiganda, rula, mzani, na asubuhi moja kila mwezi. NFA na halmashauri ya jiji, KCCA, waianze mwaka huu.